Asubuhi Tatu za Himid

Himid aliomba kufa kwa adabu, kama mtu anayeomba chai. Uvimbe ulikuwa umemla tumbo, vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka, na dawa ya maumivu ilipatikana kwa kubahatisha. Miaka arobaini aliuza vitenge mtaa wa Asiatique bila kumsumbua mtu. Sasa alisema amechoka kulia mbele ya mkewe.

Ernestine, muuguzi jirani, alikuwa ameweka mofini ya kutosha kumlaza asiamke. Alikataa mwezi mzima. Maji yalipozidi unga akalegea, kwa sharti moja: mgonjwa aombe asubuhi tatu mfululizo, akili zake zikiwa timamu, maana siku hizo akili zilikuwa zinakwenda na kurudi. Na kila asubuhi angemuuliza jambo ambalo lilikuwa la kwanza kumtoka kila akili zilipomruka: mwanao Moosa yuko wapi?

Swali gani hilo la kumuuliza mzazi! Moosa aliuawa barabarani mwaka tisini na tano. Himid akiwa na akili zake alilijua hilo, na alitaka kufa. Zikimruka, Moosa alikuwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, kununua mzigo, na baba yake alitaka kula apate nguvu za kumpokea. Nafisa, mkewe, alimpenda zaidi Himid huyo wa pili, Mungu amsamehe. Alijua kwamba kujiua ni haramu, lakini si haramu iliyomnyima usingizi. Aliogopa tu kubaki peke yake.

Asubuhi ya kwanza Himid alijibu sawa. Ya pili pia. Ya tatu, kabla Ernestine hajafika, Nafisa aliketi kitandani akamshika mumewe mkono.

"Baba Moosa, mutoto ametuma salamu toka Uvira. Anarudi Ijumaa."

Aliona haya kabla hata hajamaliza.

"Mama Moosa," alisema taratibu, "mi ndo nilimuosha. Na mikono hii."

Nafisa akalia kwa sauti, asijali majirani. Himid akangoja mpaka aliponyamaza.

Ernestine alipoingia na kuuliza swali lake, mgonjwa alikuwa anasaga meno kwa maumivu, jasho likimtiririka. Alimtazama mkewe kwanza.

"Iko Uvira," alijibu. "Tunamungoja Ijumaa."

Ernestine akafunga mkoba wake. Nafisa alijua kwamba akili za mumewe zilikuwa timamu, na akamfungulia muuguzi mlango.