Kontena Jeupe la Safu ya Nne

Mume wangu alikuwa amebakiwa na dawa ya sukari ya siku tatu, nami si mtu wa kungoja siku ya tatu ifike. Asubuhi hiyo nilikwenda hospitali ya mkoa, nikasimama mbele ya dirisha la mfamasia.

"Insulini imeshushwa bandarini tangu alfajiri, Mama," aliniambia. "Ya mkoa mzima, katika kontena moja la baridi. Nimepiga simu mara tano. Wanasema hawalioni."

"Kontena si sindano," nilimjibu. "Halipotei mkekani. Twende."

Ndani ya gari la baridi la hospitali niliwaza ya zamani. Nilipokuwa karani wa ghala pale bandarini tulikuwa na gati moja na winchi iliyokohoa kama mgonjwa wa kifua, na dawa zilitufikia kwa lori baada ya siku nane, nusu yake zimeharibika. Leo yapo magati manne. Viwanda vya samaki, wachomeleaji, mama wauza chakula, madereva, wote wanakula kwa mkono wa bandari hiyo. Na msimamizi wa uwanja wa makontena ni binti yangu wa pekee.

Tulimkuta chini ya jua la saa sita, kofia ngumu kichwani, midomo imemkauka.

"Shikamoo, Mama. Lakini si leo, tafadhali."

"Marahaba. Leo ndiyo yenyewe. Dawa ya baba yako iko wapi?"

"Nimekagua makontena yote ya baridi yaliyochomekwa umeme. Kumi na manane. La hospitali halimo."

"Joto la insulini likipita nyuzi nane, nitaimwaga yote," mfamasia alisema kwa sauti ndogo, "na shehena nyingine ni baada ya wiki sita."

Binti yangu alitazama chini. Wiki sita! Nyumbani tulikuwa na siku tatu.

Wakati huo dereva wa kreni, kijana mrefu waliyemwita Twiga, alikuwa ameshuka kunywa maji. "Shikamoo, Bibi. Umekuja kutununulia kreni mpya?"

"Marahaba. Kwanza nikuone ukiitumia hiyo uliyo nayo."

Alicheka, kisha akamgeukia binti yangu. "Bosi, hilo la hospitali limekuja na meli gani?"

"Ile ya kila Jumatatu, iliyofunga alfajiri."

Chupa ya maji ilisimama nusu ya njia kuelekea mdomoni. "Ile ya vigae?"

Binti yangu aligeuka, akatazama ng'ambo ya uwanja. Meli hiyo huja kuchukua samaki wa kugandishwa, na kwa kuwa makontena ya baridi hayawezi kuja matupu bila hasara, huletwa yamezimwa, yamejazwa vigae vya sakafu. Kwa miaka miwili, kila kontena jeupe lililotoka katika meli hiyo lilipelekwa safu ya nne, ukutani, pasipo hata plagi moja.

"Hukusoma karatasi?" binti yangu aliuliza.

"Wewe ulisoma, Bosi?"

"Sikusoma," alisema. "Niliona jeupe, nikasema safu ya nne."

"Mazoea yana taabu," nilisema. "Mtalaumiana kesho. Wewe mrefu, panda!"

Alipanda ngazi ya kreni kama anayefukuzwa na nyuki. Kontena la hospitali lilikuwa safu ya nne, chini kabisa, limelaliwa na mengine mawili. La kwanza likainuliwa, likawekwa kando. La pili likayumba, tukashusha pumzi lilipotua. Gari la baridi la hospitali lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni pa kontena, kisha vyuma vikafunguliwa. Mfamasia aliingia, akakaa humo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa uzazi.

Alitoka na kipimajoto chenye kumbukumbu, kilichosafiri pamoja na maboksi. Alikisoma. Akakisoma tena.

"Nyuzi sita," alisema. "Kuta zake nene zimetunza baridi. Haikupita sita hata mara moja."

Twiga, huko juu, hakusikia, akapiga kelele: "Vipi? Nishuke au nihame mji?"

"Shuka, mwehu wee! Ni nzima!" binti yangu alimjibu, kisha akaketi chini, juu ya lami ya moto, akacheka huku machozi yakimtoka. Wapakizi walikwisha kujipanga, wakipokezana maboksi kama mayai.

"Mama," aliniambia, "nimekosa."

"Umekosa, naam. Kesho utaandika hivyo kwa mkono wako, nao wakubwa wako wasome." Nilitoa leso, nikampa. "Sasa jifute uso, kisha inuka. Lami inaunguza."

Alinyoosha mkono nimvute. Nilimvuta, na sikumwachilia mpaka boksi la mwisho lilipoingia garini.