Wagonjwa Saba Wasiokuwemo Kwenye Jedwali

Kikao cha kamati kilikuwa saa nane mchana. Kufikia saa sita nilikuwa nimekaa na kusimama hata kiti kikanichoka. Mke wangu alikuwa wodini, ghorofa ya chini, siku ya tatu, nimonia imemshika mapafu yote mawili. Mkononi nilikuwa na ripoti ya utafiti wa dawa mpya ya nimonia. Kamati yetu ya maadili ikiridhika, wagonjwa wa wodi ile, naye akiwemo, wangeanza kupewa jioni ileile.

Binti yetu alinifuata kwenye korido.

"Baba, mle ndani wewe ni mwakilishi wa raia tu. Waachie madaktari mambo yao."

"Nimesoma kurasa zote, mwanangu. Siwezi kujifanya sijazisoma."

"Mama anahema kama anapanda mlima, wewe unasoma!"

Nilitumikia masjala ya hospitali hii miaka thelathini na mmoja, na hesabu za asilimia nilijifunza kwenye masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto watatu. Ripoti ilisema hivi: dawa ya zamani, wamekufa wanane kati ya arobaini, dawa mpya, watatu kati ya thelathini na watatu. Niliposoma hapo nusura nikimbilie wodini kumpa habari njema.

Kisha, kwa mazoea tu, nikapitisha kidole kwenye orodha ya namba za waliopewa dawa mpya. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne. Kidole kikasimama. Masjala, namba ikiruka, hunywi chai mpaka jalada lipatikane. Nikahesabu zilizoruka. Saba.

Kikao kilipoanza nilitangulia kusema kwamba nina mgonjwa wodini, kwa hiyo sitapiga kura. Mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyependa maneno mengi, akasema, "Kura hapana. Maswali ruksa."

"Daktari," nikamwambia mtafiti, "walioanza dawa mpya walikuwa wangapi?"

"Arobaini, mzee."

"Kwenye jedwali wako thelathini na watatu. Saba wako wapi?"

Alitabasamu kwa adabu. "Hao hawakufikisha siku mbili. Mtu aliyemeza vidonge viwili tu, dawa haijapata nafasi ya kufanya kazi."

"Hawakufikisha kwa nini?"

Akapekua makaratasi, akayapekua tena. "Wawili walihamishiwa hospitali nyingine. Watano... walifariki."

"Na wa dawa ya zamani waliofariki ndani ya siku mbili, mliwatoa pia?"

"Hapana. Hao tuliwahesabu..." Nilimwona akifika mwenyewe pale nilipokuwa nimefika, na uso ukamshuka.

Mkunga alivua miwani. "Watatu na watano ni wanane. Wanane huku, wanane kule. Daktari, mwanangu, umetuletea nini hapa?"

"Sikuwa na nia mbaya, mama."

"Sijauliza nia."

Kamati iliamua ripoti irudi, wote arobaini wahesabiwe, wale wawili watafutwe, na asiongezwe mgonjwa hata mmoja mpaka hapo.

Nilishuka ngazi hadi wodini. Binti yetu alinisoma usoni, akageukia dirisha. Mke wangu alisogeza kidogo mrija wa oksijeni.

"Haya, bwana mafaili. Wamepitisha?"

"Hawajapitisha. Mimi ndiye niliyeuliza swali."

"Nilijua tu." Akahema. "Kwa hiyo nabaki na sindano zangu hizihizi."

"Unabaki nazo."

"Na kama hiyo mpya ndiyo ingenifaa?"

"Sijui, mama watoto. Na wao hawajui. Walidhani wanajua, kwa kuwa waliwafuta watano waliokufa mapema."

"Wewe, kusema hujui!" Alicheka, kikohozi kikamkatiza, binti akaruka kumshika mgongo. Kilipopita alifumba macho. "Afadhali hivyo," akasema polepole. "Nisingependa nikifa kesho wanifute."

Binti alinisogezea kiti. Sista akaja na sindano ya saa kumi, akamchoma, akaenda zake. Nikaweka saa yangu juu ya shuka na kuanza kuhesabu kifua cha mke wangu kinavyopanda na kushuka. Dakika moja, mara thelathini na nne. Nikanyoosha mgongo, nikaanza upya. Thelathini na tatu. Pumzi moja pungufu; sikuamini kama ni nafuu. Nikaanza tena.