Tofali la Katikati

Vumbi la Ruhuwiko ni jekundu. Asubuhi ile lilikuwa juu ya matao ya chuo cha zamani cha jeshi, juu ya uwanja wa gwaride uliokwisha kuota majani, juu ya kope za fundi Hironimus. Hakulipangusa. Tangu Machi hapangusi kitu.

Matao manne ya mwanzo aliyajenga mkoloni, kwa mikono ya watu aliowashinda vitani. Aliyajenga manene, kama mtu anayelala na hofu. Uhuru ulipokuja, vijana wetu wakayaendeleza, membamba, ya kupitisha upepo. Kila kundi likihitimu huacha tao lake, na kila kuruta hufyatua tofali moja, akachora namba yake kwa msumari, akalichoma, akalijenga mwenyewe.

Gaudence, mwana wa Hironimus, yumo katika tao la mwisho.

Gaudence alikufa Machi, nchi ya watu, akilinda amani isiyokuwa yake. Jeneza lilikuja limefungwa, na likazikwa limefungwa. Hironimus hakulia. Watu wa Mjimwema wakamsifu: mzee huyu ana moyo wa jiwe. Moyo wa jiwe, wapi! Alikuwa hasikii kitu, basi. Ugali ulikuwa ugali, kucha kulikuwa kucha.

Sasa chuo kinageuzwa ofisi, kuta zote zipigwe lipu, zipakwe chokaa. Akaitwa yeye, maana kwa lipu Songea nzima inamjua. Kazi ni kazi. Mwiko ukaenda, mwiko ukarudi, na tao baada ya tao likafunikwa.

"Baba Gau," mkewe Walburga alimwambia, "niletee lile tofali. Jeneza hawakunifungulia. Nataka kitu alichokishika."

Msimamizi, kijana mwenye adabu, hakumzuia. "Shikamoo, mzee. Kama ni la mwanao, chukua."

Hironimus akapanda jukwaa la mafundi na nyundo. Akaitafuta namba, akaiona: juu kabisa, katikati, tofali linalolifunga tao. Ewe Gaudence, katika matofali yote, ukachagua hilo! Kushoto limeegemewa, kulia limeegemewa. Ling'oe, na wenzake wote wanashuka. Alishika nyundo mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akashuka nayo.

Kesho yake akamleta Walburga mwenyewe. Mama yule akapanda ngazi na kanga yake kiunoni, akaweka kiganja juu ya namba. Akakaa hivyo. Upepo ukapita chini yao.

"Ni tofali tu," alisema.

"Ni tofali tu," Hironimus alikubali, na wote wawili walitazama mbali.

Kisha Walburga akachota lipu kwa mkono, si kwa mwiko, akaipaka taratibu, kama alivyokuwa akikandika chumba cha mwanawe. Tarakimu ya kwanza ikazama, ya pili ikazama. Hakumwachia mumewe hata pembe moja.

"Lipu mpya hunyweshwa maji, Mama Gau. Siku saba. Isiponyweshwa inapasuka."

"Nani atainywesha?"

"Wapo vibarua."

"Vibarua hawakumzaa."

Basi kila alfajiri Walburga alitoka Mjimwema na ndoo ya maji kichwani, ingawa bomba lilikuwepo pale pale chuoni. Nani angethubutu kumwambia? Alinywesha tao lile moja, kopo baada ya kopo, na Hironimus aliyapiga lipu mengine. Mwiko ukaenda, mwiko ukarudi.

Siku ya saba ilipita. Siku ya nane lipu ilikuwa imekomaa, hata mwanagenzi angeijua kwa kuigonga kwa ukucha. Kulipopambazuka, Hironimus akasikia ndoo ikijazwa uani. Akatoka amwambie kuwa imetosha. Akamkuta mkewe amesimama, ndoo imejaa, anangoja mtu wa kumtwika. Kifua kikamuuma, kikamuuma kwelikweli, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Akainama, akamtwika.