Maneno ya Mzee Uthmani

Kiharusi kilipompiga mzee Uthmani, fundi wa injini pale mtaani Bwiza, kiliondoka na nguvu za mkono wake wa kulia na sauti yake yote. Alirudi kutoka hospitali akilia kwa hasira kila alipotaka kitu, na mkewe Mwanasiti akawa anabahatisha. Chai? Shuka? Choo? Mara nyingi alikosea.

Binti yao Houda alijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, aliyojifunza chuoni kabla hajaacha masomo ili amuuguze baba. Akaamua kumtengenezea maneno ya kubonyeza kwenye kompyuta. Lakini kompyuta yao ilikuwa kuukuu. Ukifungua chochote chenye picha, inaganda. Akampelekea Jordan, jirani Mkongomani anayetengeneza simu.

"Hii mashini imechoka," Jordan alisema. "Lakini terminal, ile skrini ya maandishi tu, inafunguka. Tumia herufi tupu."

Akamnakilia kwenye kle, kile kijiti cha USB, maktaba ya Python, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari, inayochora visanduku na vitufe kwa herufi, pamoja na maelezo yake, maana nyumbani kwa Houda hakukuwa na intaneti.

Mwanzoni ilikuwa mateso. Fremu zilikatika, maneno yakamwagika nje ya visanduku. Taratibu Houda alielewa kwamba programu ya namna hii haitendi kazi yake ikaisha. Inakaa ikisubiri, na kidole kikigusa ndipo inaamka. Kisha skrini ikaanza kuganda kila neno lilipochaguliwa.

"Umeiambia programu ilale kidogo ili neno lionekane," Jordan alimweleza. "Ikilala, haisikii tena kitu. Iachie maktaba yenyewe ihesabu muda, ndiyo ilimulike neno na kulizima."

Ikakubali. MAJI. CHOO. MAUMIVU. SWALA. MAMA. Kitufe cha mshale kilisogeza rangi ya njano kutoka neno hadi neno. Houda alicheka peke yake jikoni.

Wakamkalisha mzee, wakauweka mkono wake wa kushoto juu ya vitufe. Akabonyeza. MAJI ikawaka skrini nzima. Mwanasiti alipiga vigelegele, akaleta kikombe. Mzee akageuza uso.

"Baba, unaumwa?" Houda aliuliza.

MAJI.

"Unataka kuswali?"

MAJI. Halafu MAMA, halafu MAJI tena, huku machozi yakimtiririka.

Houda alipunguza maneno yakabaki mawili, NDIYO na APANA, kama wasemavyo nyumbani, makubwa kama milango. Akamwuliza kama jina lake ni Uthmani. Mzee akasoma kwa muda mrefu, akabonyeza APANA.

Laure, muuguzi aliyekuja kumfanyisha mazoezi, aliyaona hayo, akamvuta Houda pembeni.

"Si sauti peke yake, mudogo wangu. Maneno yenyewe yameondoka kichwani. Anayaona, lakini hayamuletei maana."

"Yatarudi?"

"Kwa umri wake, na ukubwa wa ile attaque iliyomupiga… mi siwezi kukudanganya."

Mwanasiti alikuwa mlangoni, amesikia. "Funga iyo mashini, mutoto wangu. Unamutesa baba yako."

Houda akaizima. Mzee alipolala, Houda aliiwasha tena kompyuta, akaiweka mapajani. Fremu ya kisanduku cha kulia ilikuwa imepinda kwa herufi moja. Aliirekebisha, akaendesha programu, akaitazama ikisubiri. Kisha akaifunga, akaanza kunyoosha ya kushoto, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.