Majani ya Avoka Kwenye Njia ya Odile

Siku alipopata jibu, Odile aliingia uani na koti lake jeupe la hospitali, akakaa kwenye kigoda karibu na kinu, akaanza kuchambua sombe ya bibi yake, majani ya muhogo, kichwa chini kama mtu aliyefiwa.

"Koko, wamenikubali," alisema mwishowe. "Mwaka muzima ya utafiti kule Dakar, juu ya wamama wenye kumwaga damu kisha kuzala. Bourse, pesa ya masomo, inalipa yote. Lakini nitawaandikia: siendi."

"Juu ya nini usiende?"

"Nitakuacha na nani?"

Alikuwa daktari katika mafunzo ya ubingwa. Kwa miaka aliomba nafasi huku na huku, na kila mara walimkatalia. Bibi yake, Marie-Louise, akajibu palepale, "Glodie wa Kampene anakuja kukaa na mimi. Tulishapatana."

Hawakuwa wamepatana lolote. Glodie, mtoto wa ndugu yake, alikuwa akiwapikia wachimbaji huko Kampene, na hata salamu hakuwa ametuma tangu Pasaka.

Odile akaenda. Pikipiki ilimpeleka uwanja wa ndege, sanduku likiwa mapajani. Marie-Louise hakugusa ufagio. Kwao, mtu akisafiri, uwanja wa nyumba haufagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia, unafagia nyayo zake. Wakati wa vita, mji wao ulipozungukwa na wapiganaji, njaa ikaingia nyumba zote, binti yake Francine, mama yake Odile, alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutafuta muhogo. Odile, mtoto wa miaka mitano, akamwaga jivu la jiko. Marie-Louise akalifagia bila kufikiri, mpaka barabarani. Francine hakurudi. Wengine walisema risasi, wengine mto. Yeye alisema ufagio.

Odile alipiga simu kwamba amefika. Sauti Marie-Louise aliisikia, ndiyo, lakini miguu nani aliiona? Majani ya avoka, ule mparachichi wa uani, yakaendelea kuanguka, mapana, ya kahawia, kuku wakiyapekua. Jioni alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, na asubuhi akaula uliobaki, baridi, akiwa amesimama. Wakati mwingine alikohoa kwa sauti kubwa, ili kitu kisikike nyumbani.

"Mama Marie-Louise!" aliita jirani yake Katungu, mwenye duka mzaliwa wa Butembo, toka ng'ambo ya ua. "Lupango yako, uwanja muzima, imegeuka pori! Nyoka akitoka humo, kwangu ataomba deni!"

"Mwache aombe. Wewe haukopeshi hata chumvi."

Siku moja Odile akapiga simu ya picha. "Koko, geuza nione nyumba." Marie-Louise akageuza simu, majani yakaonekana. "Mungu wangu! Na Glodie iko anafanya nini?"

"Iko sokoni."

"Kila siku nikipiga, iko sokoni. Koko, sema kweli. Kama uko peke yako, naacha hii utafiti, narudi."

Marie-Louise akafungua mdomo.

"Odile!" Ilikuwa sauti ya Katungu, kichwa kikichungulia juu ya ua. "Glodie iko huku kwangu, ananipimia mafuta! Muvivu ule, ufagio anauogopa kama polisi!"

Katungu hakuwahi kumwona Glodie hata siku moja.

Odile akacheka, kidogo tu. "Basi fagia wewe, koko. Nilishafika. Angalia." Akashusha simu mpaka kwenye viatu vyake vya wazi, juu ya sakafu ya hospitali inayong'aa. Akachezesha vidole. "Miguu yangu njo hii."

Marie-Louise aliitazama mpaka picha ikakatika. Alipoinua macho amshukuru, Katungu alikuwa amekwisha kurudi kwa wateja wake.

Akachukua ufagio. Akafagia chini ya mti, nyuma ya jiko, kando ya kinu. Alipofika kwenye njia itokayo mlangoni mpaka barabarani, aliyopita Odile, akasimama. Hapo akayaacha majani yalivyo.

Kisha akaingia jikoni, akateleka maji, na safari hii akapima unga wa mtu mmoja.