Maneno ya Kulainisha Amri

Mimi nafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Alunguli, ng'ambo ya mto hapa Kindu, na nikitoka darasani sitaki kusikia neno lake hata moja. Watoto wakikutafunia lugha kutwa nzima, jioni unataka kubaki na sufuria yako tu. Kwa hiyo Mama Joséphine, jirani yangu, alipoingia uani na fungu la sombe, majani ya muhogo, akisema anataka nimfundishe Kiingereza kabla ya mwezi wa saba, jibu langu la kwanza halikuwa zuri.

"Mama, unakaribia miaka sabini. Kiingereza utakipeleka wapi?"

"Hapa hapa, Madame Apolline. Espérance iko nakuja. Anakuja na ule mutoto."

Espérance ni binti yake wa pekee. Aliondoka Kindu wakati wa vita, msichana wa miaka kumi na miwili, akapita Lubutu na Kisangani na Uganda, mpaka akafika nchi ya baridi ambako sasa anauguza wagonjwa. Hakuwahi kurudi. Mtoto wake Nicole, mwenye miaka saba, hajui ila Kiingereza. Kwenye simu yeye na koko wake, yaani bibi yake, hutazamana tu na kupungiana mikono mpaka mtandao ukatike.

"Espérance atakutafsiria," nikasema.

"Sitaki mutoto anisikie kwa kinywa ya mwingine. Atabakia na woga. Koko njo muntu wa kukimbilia, Madame. Hapana muntu wa kutafsiriwa."

Ungemjibu nini? Nikamvutia kigoda, tukaanza jioni ile ile huku akichambua sombe.

Nilianza nilivyozoea kuanza: mimi ni, wewe ni, yeye ni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaweka majani chini.

"Kwa nini nimuambie miye ni nani? Anajua miye ni koko yake. Nataka kumuambia akule. Alale. Akuje huku kwangu."

Nilikasirika, sifichi. Nimefundisha hivyo miaka na miaka na hakuna aliyenikatiza. Lakini nilipotulia nikaona ana haki, maana bibi gani huketi na mjukuu wake akijitambulisha? Bibi huamuru, na mapenzi yake yote yamo humo humo. Basi nikarukia vitenzi.

"Kula: 'eat'," nikasema.

"Ninajua."

"Kaa: 'sit'."

"Ninajua hiyo vile vile."

Akaanza kuvitaja mwenyewe, kimoja baada ya kingine: njoo, nenda, leta, osha, kimbia, funga mdomo. Vyote kwa Kiingereza, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito na fupi, kidevu kimeinuliwa. Nikamuuliza amevitoa wapi.

"Kwa waaskari," akasema.

Wakati wa vita, askari wa kigeni walipoukalia mji, walimchukua awapikie na kuwafulia kambini kwao. Wakubwa wao waliamuru kwa Kiingereza. Leta. Osha. Toka. Hawakumwita jina, wala hakuna neno jingine lolote lililofuata. Mwalimu wake wa kwanza wa Kiingereza alikuwa mtu mwenye bunduki, na mimi nilikuwa nikimwanzishia mimi ni, wewe ni!

"Basi kazi yetu ni nyepesi," nikamwambia, nikijitia uchangamfu. "Vitenzi unavyo. Tuvitafutie wenzi."

Ndipo nikamwingiza kwenye vielezi. Nilimweleza kwamba katika Kiingereza cha kila siku, neno linaloonyesha namna au mahali hufuata kitenzi nyuma: kula kisha polepole, lala kisha vizuri, njoo kisha hapa. Lakini neno linaloonyesha mara ngapi hupenda kutangulia: daima kisha kula, kamwe kisha kukimbia. Alifikiri kidogo.

"Kumbe ingine inaenda mbele, ingine nyuma. Sawa bwana na bibi wakienda soko. Lakini hakuna yenye kutembea peke yake."

"Zipo zinazotembea peke yake, mama."

"Kwa waaskari," akasema. "Ile yenye kuwa peke yake inafukuza muntu. Mukono mutupu haurambwe."

Tukaendelea hivyo wiki hadi wiki. Asubuhi nilimpigia kelele juu ya ua, "Eat!", naye akajibu kutoka jikoni kwake, "slowly!", ila kwa ulimi wake neno hilo lilikuwa refu zaidi na lenye irabu nyingi, nami sikumsahihisha. "Sleep!" "Well!" "Come!" "Here!" Abedi, kijana wa pikipiki anayeegesha mbele yetu, alitangaza mtaa mzima kwamba mama wawili wamepata wazimu. Nilimwambia akalipie kwanza breki zake ndipo azungumze nami.

Siku ikafika. Walishuka uwanja wa ndege, wakavuka mto Lualaba kwa pirogi, mtumbwi wa mota, wakapanda Alunguli na nusu ya mtaa nyuma yao. Mama Joséphine alikuwa amepika wali, sombe kwa mawese, na samaki mkubwa kutoka Lokandu. Nicole alisimama mlangoni na viatu vyake vyeupe, ameshika sketi ya mama yake. Mimi nilijipanga nyuma ya mtoto, nikichezesha midomo kumkumbusha bibi: hapa, vizuri, polepole.

Mama Joséphine akafungua kinywa.

"Come!"

Hakuna kilichofuata. Nilimwona akitafuta, macho yakizunguka.

"Sit! Eat!"

Ilikuwa sauti ile. Hofu ilimrudisha pale pale alipoyaokota maneno yenyewe. Nicole akaangua kilio na kujificha nyuma ya mlango. Lakini aliyenitisha ni Espérance. Alitua mfuko chini, akanigeukia.

"Nani amemufundisha kusema vile?"

"Si mimi!" nikapaza sauti. "Mimi nimemfundisha vielezi!"

Ni aibu, najua. Mtu analia, na mimi nalinda ualimu wangu. Hata hivyo hakunisikia, alikuwa amekwisha kumgeukia mama yake.

"Ile siku, mama, na weye ulisema vile vile. 'Enda!' Njo yote uliniambia. Hata 'muzuri' haukuweka. Nimetembea na ile neno moja miaka yote."

Kwetu hata anayekwenda kuchota maji huambiwa 'enda muzuri', naye hujibu 'bakia muzuri'. Kumwambia mtu 'enda' tu ni kumfukuza, na hilo mtoto wa Kindu hujua kabla ya kuota meno ya pili. Kumbe Espérance alivuka mipaka yote ile akidhani amefukuzwa.

Mama Joséphine akakaa chini, sakafuni.

"Waaskari walikuwa wameanza kukamata wasichana," akasema. "Shangazi yako alikuwa kwa mulango, anangojea. Weye ulikuwa unashika kikwembe yangu, unakataa. Kama ningeongeza neno moja, Espé, sauti ingekatika. Ningekukumbatia, haungeenda. Njo maana nilisema sawa wao. Ile sauti yao, watu walikuwa wanaitika mbio."

"Na niliitika," Espérance akasema.

"Na uliitika. Na uko muzima."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Espérance alipiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kama mtoto, na mimi pia nililia. Wali ukapoa na hakuna aliyejali.

Nicole, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, alichungulia kutoka nyuma ya mlango. Mama Joséphine akamwona. Akajipangusa uso kwa upindo wa kikwembe alichojifunga. Safari hii hakuinua kidevu.

"Come," akasema chini chini. Akangoja mpaka mwenzi wa neno hilo akapatikana. "Slowly."

Mtoto akamtazama. Kisha akainua mguu mmoja juu, polepole kabisa, akauweka chini. Akainua wa pili, polepole vile vile. Alifikiri ni mchezo! Alivuka chumba kile kidogo kwa mwendo wa kinyonga, machozi bado mashavuni, mpaka akafika kwa bibi yake.

"Sit well."

Akaketi wima kama askofu. Mama Joséphine akacheka. Akavuta sahani ya wali.

"Eat slowly."

Nicole akaokota punje moja. Akaitafuna, akaitafuna, bila kumaliza, mpaka mama yake pia akacheka ndani ya kilio. Toka hapo uani kwao hakukukalika. Tembea kimya, ruka taratibu, imba kwa nguvu, lala haraka. Vielezi ambavyo sikufundisha, mtoto alimfundisha bibi yake, na jioni wote wawili walinipigia kelele juu ya ua mpaka nikatamani likizo iishe.

Ikaisha kweli, na ilinichoma. Tuliwasindikiza mpaka ukingoni mwa mto. Nicole alimkumbatia koko wake shingoni, hakutaka kuachia, wakasemezana Kiingereza chao sikioni. Sikusikiliza, hayo ni yao. Abedi akambeba mtoto na kumkalisha kwenye pirogi.

Espérance alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Mama Joséphine alimshika mikono yote miwili.

"Enda," akasema.

Sauti ikakatika. Nilimwona Espérance akishusha macho kwenye maji. Mama akavuta pumzi, akaanza upya.

"Enda muzuri, mutoto yangu."

Espérance akatoa mguu kwenye pirogi, akarudi kwenye matope.

"Rudilia ile neno, mama."

"Enda muzuri."

"Rudilia tena."

Mwenye mota akaanza kunung'unika kwamba ndege haingojei mtu. Nikamwambia anyamaze.