Chenye Shaka ni cha Kocha

Radi alipokuwa mchezaji, usingemwambia kitu. Miaka kumi na miwili bingwa wa mpira wa vinyoya kwa wanawake, mkono wa kulia ukishuka kinyoya kinapasua hewa na mpinzani anabaki ameshika raketi kama ameshika mwiko. Jina la Radi walimpa mashabiki. La kuzaliwa walibaki nalo mama yake na karani wa chama cha mchezo huo. Halafu goti likasema basi, akawa kocha. Na hapo, jamani, mambo yakagoma.

Miaka sita alifundisha, na hakuna hata mmoja wa wanafunzi wake aliyeingia timu ya taifa. Chama kikamwita, kikamkalisha, kikamwambia kwa adabu zote kwamba akitoka mikono mitupu kwenye mashindano ya uteuzi wa timu ya taifa mwaka huu, ukumbi atapewa kocha mwingine. Radi aliitikia vizuri, akatoka, akafika kwenye gari akapiga usukani ngumi. Ukumbi ule ulikuwa maisha yake. Lakini kilichomuuma zaidi ni yale maneno yaliyokuwa yakizunguka mjini, kwamba Radi alijua kucheza tu, kufundisha hajui.

Tumaini lake lote lilikuwa kwa binti mmoja waliyemwita Kimya. Miguu ya paa, jicho la mwewe, na mdomo wa kuombea maji tu. Mazoezini alikuwa hashikiki. Akienda kwenye mashindano anapoteza kwa pointi mbili, tatu, na hakuna anayejua zimepotelea wapi.

Aliyejua alikuwa shemeji yake Radi, mdogo wa mumewe, fundi wa kufunga kamba za raketi. Huyu alikuwa na meza yake pembeni ya ukumbi, koleo mkononi na maneno mdomoni, na kwa kuwa ni shemeji, hakuwa akipima anachosema. Siku moja alimwambia Radi kwamba alikaa jukwaani mashindano yaliyopita akahesabu. Kimya alipigiwa vinyoya sita vilivyoanguka nje ya mstari waziwazi, na vyote sita alisema ndani.

"Yule binti haogopi mpinzani, shemeji," alisema. "Anakuogopa wewe. Akikodolewa macho tu, anakuona wewe upande wa pili wa wavu."

Radi alikasirika, akamwambia afunge kamba zake na mdomo wake pia. Siku mbili hawakusemeshana. Mumewe akawa anapeleka salamu huku na huku kama tarishi.

Sasa ni lazima ujue kanuni ya ukumbi ule. Katika mashindano ya chama, kabla ya nusu fainali hakuna waamuzi wa mstari. Yupo mwamuzi mmoja wa kuhesabu pointi, na kila mchezaji husema mwenyewe kama kinyoya kilichoanguka upande wake kiko ndani au nje. Kwa Radi mazoezini ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa akicheza yeye. Hapo chenye shaka ni cha kocha. Ndivyo alivyolelewa na kocha wake, akaiona ni heshima, akairithisha. Mwanafunzi akithubutu kusema nje, Radi anashika kiuno na kuuliza, "Una uhakika?" Mwanafunzi anabadilisha, anasema ndani.

Siku ya tatu Radi aliingia uwanjani na Kimya, akapiga kinyoya makusudi kikaanguka nje shibiri nzima. Hata kipofu angekiona. Akashika kiuno, akamwangalia.

"Ndani, Kocha," akasema Kimya.

Radi akachukua vinyoya vingine. Aliwaita wengine mmoja mmoja akawapigia vya nje, na mmoja mmoja wakamwambia ndani, tena kwa heshima kubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona yeye kwa mkono wake, mshono kwa mshono, miaka sita. Alikaa kwenye benchi akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku aliyofungwa mbele ya umati. Kisha akainuka, akaenda mezani kwa shemeji yake, akamwomba radhi. Fundi, hana dogo, akamwambia arudie kwa sauti, sikio moja lilikuwa limeziba.

Zilibaki wiki tano. Kila jioni Radi alimpigia Kimya vinyoya vya mstarini, vingine ndani, vingine nje, kisha anamkaripia, anamcheka, anatupa raketi chini. Kazi ya Kimya ilikuwa moja, kusema alichokiona. Siku ya kwanza neno "nje" halikutoka kabisa, yakamtoka machozi. Wiki ya pili akalisema akitazama viatu vyake. Wiki ya nne akalisema akimtazama Radi usoni, na Radi akaudhika kwelikweli, maana mazoea yana taabu, kisha akaenda chooni akacheka peke yake.

Siku ya uteuzi, katika ukumbi mkuu wa chama, wanne bora ndio wangeingia timu ya taifa. Kimya akafika robo fainali, na aliyemkuta huko ni dada mkubwa wa mchezo, miaka saba timu ya taifa, mtu ambaye wasichana humpisha mlangoni. Seti ya kwanza akachukua dada, ya pili akachukua Kimya. Ya tatu ikawa kufa kupona, mpaka dada akaongoza kumi na tisa kwa kumi na nane.

Dada akapiga kwa nguvu kwenye kona. Kimya akakiacha. Radi, kwenye kiti chake nyuma ya uwanja, alikiona kimetoka upana wa kidole. Lakini kusema hakuwa na ruhusa. Aliubana mdomo kwa kiganja.

"Nje," akasema Kimya.

Dada akaja hadi wavuni, akashika kiuno. "Una uhakika?"

Radi akajiona mwenyewe pale wavuni. Lile neno, kile kiuno, kila kitu kilikuwa chake.

"Nina uhakika, dada. Nje."

Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Kimya akachukua iliyofuata, ishirini. Ilibaki pointi moja ya ushindi, na dada akapiga tena kona ileile, kinyoya kikagusa ukingo wa mstari. Ukumbi mzima haukujua. Neno moja tu, na Radi angebaki na ukumbi wake. Kimya aliinama, akatazama, akainua kichwa.

"Ndani. Pointi yako, dada."

Radi alitaka kulia kwa uchungu, na papo hapo akajikuta ananyooka kitini kwa fahari. Dada naye alimtazama yule binti kwa namna nyingine, na tangu hapo hakumuuliza tena. Ikawa ishirini kwa ishirini, na hapo mshindi lazima azidi kwa pointi mbili; zote mbili Kimya alizichukua kwa kinyoya kilichodondoka katikati ya uwanja, mara mbili, mahali ambapo hapana mtu wa kubisha. Ishirini na mbili kwa ishirini. Fundi alirukaruka jukwaani mpaka kiatu kikamtoka, akaendelea na kimoja.

Kimya alipomfikia kocha wake alimkuta analia waziwazi.

"Kocha, ile ya mstarini ningesema nje, ungenikasirikia?"

Radi alijifuta uso kwa taulo la binti. "Leo ningekushangilia," alisema. "Kesho nisingeweza kukutazama."

Jioni karani wa chama alisoma timu. Alitaja wachezaji wanne, na baada ya kila mchezaji akataja kocha wake. Kwa miaka kumi na miwili Radi alikuwa amesikia jina lake likisomwa katika ukumbi ule, akapokea vikombe, akapunga mkono kama mtu aliyezoea. Safari hii karani alilisoma la mwisho kabisa, baada ya la Kimya, na Radi hakupunga. Alisimama tu, akilisahau hata goti lake bovu, akapiga makofi kwa ajili ya binti yule mpaka viganja vikamwasha.